Safari ya Mgonjwa wa Saratani ni Sehemu ya Tiba Yake



Barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Dar es Salaam ina urefu unaozidi kilomita 800. Hupita Makambako na Mafinga, huuacha mji wa Iringa juu ya kilima chake, huteremka kona za Kitonga, huikata mbuga ya Mikumi, ndipo hufika Morogoro, Chalinze na Kibaha. Wasafiri huijua kwa mabasi na malori yake. Ni wachache wanaofikiri kwamba kwa watu fulani barabara hiyo ni wodi ya hospitali. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilipatikana nchini mahali pamoja tu, nayo ni Ocean Road, katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani ufukweni mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye hospitali ya Bugando kule Mwanza nayo ilianza kuitoa. Hata hivyo wagonjwa wengi wa mikoa ya mbali bado husafiri mchana kutwa, na pengine usiku kucha, kabla ya kuufikia mlango wa tiba hiyo.

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka idadi ya wagonjwa wapya wa saratani nchini Tanzania kuwa zaidi ya 40,000 kwa mwaka mmoja, na waliofariki kuwa zaidi ya 26,000. Takriban robo ya wagonjwa hao wapya walikuwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi. Hizo si hesabu za kusomwa na madaktari peke yao. Mgonjwa anapozidiwa kijijini au katika mji mdogo, mtu wa kwanza kuitwa aghalabu si daktari. Huitwa mwalimu aliye katika ukoo, au karani wa halmashauri, au afisa mtendaji, kwa kuwa yeye ana simu yenye salio, ana mshahara unaoweza kukopewa, na anajua kusoma karatasi za hospitali. Huyo ndiye anayesema gari liondoke saa ngapi, nani apande, na mahali gani pa kwenda. Kwa hiyo, apende asipende, yeye ni mmoja wa waamuzi wa tiba.

Jambo moja yafaa lieleweke tangu mwanzo. Dharura nyingi zinazowaua wagonjwa wa saratani njiani hazizaliwi njiani. Hupandishwa garini pamoja na mgonjwa, kwa sababu hakuna aliyezitafuta kabla injini haijawashwa. Gari lenye mwendo mkali haliwezi kulipa deni la nusu saa iliyokosekana kwenye kituo cha afya.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni homa. Mgonjwa aliyepewa dawa za saratani kwa dripu, yaani tibakemia, hupungukiwa na chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Kwa dawa nyingi upungufu huo hufikia kina chake kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Hapo mgonjwa huwa amekwisha kurudi nyumbani, na watu wamekuja kumpa pole. Akipata joto la nyuzi 38 au zaidi katika siku hizo, hiyo ni dharura ya kuhesabiwa kwa dakika. Vijidudu vinaweza kuenea katika damu na kumwangusha kwa saa chache. Wala asitafute mtu jipu au usaha ili aamini kuwa kuna maambukizo: usaha wenyewe hufanywa na chembe nyeupe, na huyu hana. Anaweza kuwa na homa tupu, kifua kikisikika safi na ngozi ikiwa nzima, naye yu katika hatari ya kufa.

Katika nchi yenye malaria, homa ina jina lake tayari. Mgonjwa hupimwa malaria, hupewa dawa yake, huambiwa asubiri siku tatu. Si vibaya kupima malaria. Ni wajibu, na ikionekana itibiwe. Lakini jibu la kipimo hicho, liwe chanya au hasi, haliifuti ile hatari nyingine. Anayemsindikiza mgonjwa anapaswa kusema maneno mawili yanayobadilisha kazi yote ya mganga: kwamba huyu yuko katika tibakemia, na tarehe ya dripu ya mwisho. Baada ya hapo antibiotiki ya nguvu inapaswa kupitishwa katika mshipa ndani ya saa moja. Ikiwa kuna uwezekano, damu ya kuoteshea vijidudu ichukuliwe kwanza. Ikiwa hakuna, dawa isingojee. Na hapa ndipo uamuzi wa safari unapoingia. Dozi hiyo ya kwanza ni ya kutolewa mahali mgonjwa alipo, hata kama ni kituo cha afya kidogo, kisha gari ndipo liondoke. Kumpakia mgonjwa wa namna hii na kusema atapewa dawa akifika mjini, saa sita baadaye, ni kumnyima tiba kwa jina la kumpeleka kwenye tiba.

Dharura ya pili haina homa wala damu, na kwa hiyo hudharauliwa. Saratani ya matiti, ya tezi dume na nyingine kadhaa hupenda kuhamia katika mifupa ya mgongo. Uvimbe ukikua hapo huubana uti wenyewe, ule unaopitisha amri za ubongo kwenda miguuni. Mgonjwa hulalamika maumivu ya mgongo yanayozidi anapolala au anapokohoa. Kisha miguu huwa mizito. Kisha haja hutoka bila ruhusa, au mkojo hukataa kutoka. Watu huuita uzee, au baridi yabisi, na mzee huwekewa mto. Hali halisi ni kwamba mgonjwa anayeanza tiba akiwa bado anatembea ana matumaini makubwa ya kuendelea kutembea, na yule anayeanza tiba miguu ikiwa imekwisha kufa, mara chache huipata tena. Tofauti kati ya watu hao wawili yaweza kuwa ni siku moja au mbili za kuchanga nauli.

Huyo husafirishwa akiwa amelala chali juu ya kitu kigumu na kilichonyooka. Hugeuzwa na watu watatu au wanne kwa pamoja, kama gogo, shingo na mgongo vikiwa katika mstari mmoja. Dawa ya deksamethasoni, ambayo hupunguza uvimbe unaoubana uti, huanzishwa na mganga kabla ya kuondoka isipokuwa kama kuna sababu ya kuizuia. Mkojo ukiwa umeziba, mpira wa mkojo uwekwe, maana hakuna adhabu kama kibofu kilichojaa juu ya matuta ya Mikumi. Dereva naye aambiwe amebeba mgongo uliovunjika au unaokaribia kuvunjika. Madereva wengi huzoea kuamini kwamba kazi yao ni mwendo. Kwa mgonjwa huyu kazi yake ni ulaini, na ni haki ya dereva kuelezwa hivyo badala ya kupigiwa kelele aongeze mafuta.

Kinyume chake ni mgonjwa ambaye kumlaza chali ni kumkaba. Uvimbe ndani ya kifua unaweza kuubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani na mikononi. Uso huvimba, hasa asubuhi. Mishipa ya shingo husimama. Macho huwa mekundu. Mgonjwa huona kizunguzungu akiinama. Vivyo hivyo mwenye uvimbe wa koo anayetoa mlio anapovuta pumzi. Hawa wawili husafiri wakiwa wameketi, kichwa kikiwa juu, wakiegemea mito. Yule aliyevimba uso na mikono asitundikiwe dripu mkononi, kwa kuwa njia ya damu ya juu imezibwa. Mshipa utafutwe mguuni. Na yule mwenye mlio wa koo, swali la kuulizwa hospitalini kabla ya kuondoka ni kama njia ya hewa itadumu muda wa safari nzima. Ikiwa haitadumu, tundu la shingoni la kupitishia hewa hufanywa na mpasuaji mahali penye taa na vifaa. Halifanywi kando ya barabara kwenye kona za Kitonga.

Oksijeni nayo ina hesabu yake, na hesabu hiyo mwalimu yeyote wa shule ya msingi anaweza kuifanya ubaoni. Mtungi mmoja wa aina inayobebwa katika magari huwa na lita zipatazo 680 ukiwa umejaa. Mgonjwa anayetumia lita 5 kwa dakika ataumaliza kwa dakika 136, yaani saa mbili na robo hivi. Safari ya saa kumi na mbili kwa kiasi hicho inahitaji lita 3,600, ambayo ni mitungi mitano iliyojaa na kitu juu yake. Na busara hudai akiba ya gari kuharibika au njia kufungwa na lori lililopinduka. Gari lenye mtungi mmoja haliwezi kumfikisha mtu huyo Dar es Salaam akiwa na oksijeni, hata dereva awe hodari namna gani. Ama mitungi iongezwe, ama ibadilishwe katika hospitali zilizo njiani kwa makubaliano ya simu, ama mgonjwa asiondoke. Jambo la kusikitisha ni kwamba hesabu hii rahisi huachwa kufanywa, kisha mshale wa mtungi ndio unaoifanya.

Sasa kuhusu damu. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi anaweza kutokwa damu nyingi kwa ghafla, hata ikajaza beseni. Tiba ya mionzi ina uwezo wa kuzuia damu hiyo, na kwa sababu hiyo ndugu hukimbilia kumpeleka kwenye mionzi moja kwa moja. Nia yao ni njema, lakini mpangilio wao ni mbaya. Mwenye kutokwa damu kwa kiasi hicho anahitaji kwanza hospitali iliyo karibu yenye uwezo wa kumwongezea damu, hata kama haina mashine ya mionzi. Hapo muuguzi au daktari hujaza uke kwa shashi safi kwa mkandamizo wa kutosha, huweka mpira wa mkojo kwa sababu shashi huziba njia ya mkojo, hufungua mishipa miwili ya dripu kwa sindano nene, na hupima kundi la damu. Dawa ya kusaidia damu kuganda hutolewa ikiwepo. Kumpima kwa vidole tena na tena ili kila mganga ajionee mwenyewe ni kosa, kwa kuwa kila kidole huamsha damu upya. Na katika gari, mahali pa ndugu wawili wanaotaka kwenda kutazama mji, afadhali wakae ndugu wawili wenye afya walio tayari kutoa damu wakifika.

Watoto wana dharura yao, na Afrika Mashariki ina historia nayo. Mwaka 1958 mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alitangaza habari za uvimbe wa taya wa watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari maili zipatazo 10,000 kutoka Kampala kuelekea kusini, wakiuliza katika kila hospitali kama uvimbe huo unajulikana hapo. Kwa safari hiyo waligundua kuwa ugonjwa hufuata nchi za joto na mvua. Uvimbe huu hukua upesi mno. Unaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini pia huisikia dawa vizuri, na mtoto anayefikishwa kwenye tiba kwa wakati ana nafasi ya kweli ya kupona. Hapo ndipo hasara ya kumpoteza njiani inapokuwa kubwa.

Hatari yake ni hii. Chembe za uvimbe unaokua kwa kasi namna hiyo hufa kwa wingi, hasa baada ya dozi ya kwanza ya dawa na pengine hata kabla yake, na kumwaga takataka zao katika damu. Figo huziba, madini ya potasiamu hupanda, moyo husimama bila kutoa taarifa. Kinga yake ni maji mengi kwa mshipa na dawa ya alopurino, na mkojo kupimwa kila saa. Dripu iwe ya maji ya chumvi, isiwe ile yenye potasiamu ndani yake. Mama wa mtoto apewe chombo chenye alama za vipimo na karatasi ya kuandikia. Mtoto ambaye hakukojoa tangu Makambako hadi Iringa si mtoto aliyelala vizuri. Ni mtoto wa kuteremshwa hospitalini pale Iringa, si wa kuendelea naye.

Kwa maneno mengine, safari ndefu hupangwa kwa vituo. Kabla ya kuondoka Mbeya, anayeongoza msafara awe na namba za simu za hospitali za Mafinga, Iringa, Mikumi, Morogoro na Tumbi pale Kibaha, na ajue ni ipi yenye damu na ipi yenye daktari usiku. Mpango wa m-mama, ambao ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022 kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga, umeonyesha kuwa namba moja ya simu isiyo na malipo na dereva aliyekwisha kukubaliana naye mapema vinaweza kufanya kazi hata vijijini. Mgonjwa wa saratani hakuwekewa mpango wa namna hiyo. Basi mpango wake hutengenezwa na watu wake, kwa kalamu na karatasi, siku kadhaa kabla ya dharura, kwa sababu dharura hizi zote zinatabirika kwa mtu ambaye ugonjwa wake unajulikana.

Kuhusu maumivu kuna aibu moja ya kusemwa waziwazi. Mgonjwa aliyezoea mofini ya kunywa kila baada ya saa nne hupandishwa garini kwa safari ya saa kumi na mbili bila chupa yake, kwa kuwa ndugu wanaogopa kukamatwa na dawa kizuizini, au wanaogopa kwamba itamlevya. Mofini iliyotolewa na hospitali, ikiwa katika chupa yenye maandishi ya hospitali na ikifuatana na barua, ni dawa halali. Saa kumi na mbili ni dozi tatu, na ya ziada kwa maumivu yanayozuka barabara inapokuwa mbovu. Muuguzi anayesindikiza ahesabu pumzi na aandike saa ya kila dozi. Mtu mwenye saratani ya mifupa aliyenyimwa mofini kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ameteswa, hata kama hakuna aliyekusudia kumtesa.

Linabaki swali ambalo watu hulikwepa, nalo ni kama mgonjwa asafiri au asisafiri. Wapo ambao ugonjwa wao umefika mahali ambapo hakuna mashine wala dawa itakayourudisha nyuma, na daktari anajua hivyo. Kumsafirisha huyo kilomita 800 ili ukoo uweze kusema ulifanya kila uwezalo ni kumtumia yeye kwa ajili ya utulivu wa wengine. Wapo pia wanaosafirishwa kwa upande wa pili, kutoka Dar es Salaam kurudi kijijini, wakiwa katika siku zao za mwisho. Kila ukoo unajua kwa nini: kusafirisha mgonjwa ni rahisi kuliko kusafirisha maiti. Hesabu hiyo isilaumiwe upesi na wenye mishahara mikubwa. Fedha ni kitu kweli. Lakini yafaa ifanywe mbele ya mgonjwa mwenyewe maadamu ana akili zake, aulizwe anataka kuwa wapi, na aulizwe mapema. Wengi huchagua nyumbani. Akichagua hivyo, safari yake nayo ni ya kupangwa kama ile nyingine: mofini ya kutosha, mtu wa kumgeuza, na makubaliano yaliyofanywa kabla ya kuondoka juu ya nini kifanyike pumzi ikikatika njiani, ili dereva asilazimike kuamua peke yake gizani kati ya Ruaha Mbuyuni na Ipogolo.

Mwisho ni barua. Barua ya rufaa nyingi huwa na mistari miwili na muhuri. Mgonjwa wa saratani anahitaji zaidi: jina la ugonjwa na mahali ulipofika, tarehe na majina ya dawa za tibakemia ya mwisho, joto na mapigo ya moyo wakati wa kuondoka, saa ya dozi ya antibiotiki, saa ya mofini, kiasi cha maji kilichoingia na cha mkojo kilichotoka, jina na simu ya daktari aliyekubali kumpokea. Mwalimu aliyesindikiza asiikabidhi dirishani akaondoka kutafuta chai. Aisome pamoja na muuguzi anayempokea mgonjwa, mstari kwa mstari. Idadi ya shashi alizojazwa mama yule Mbeya nayo iwe imeandikwa humo kwa tarakimu. Ikiwa barua inasema 6 na zilizotolewa Dar es Salaam ni 5, moja bado imo ndani.